Aliyekataa Nafuu

Mumewe alirudi kutoka Kituo cha Nafuu siku ya Jumatano asubuhi, ndevu zimenyolewa, mkononi ana mfuko wa karatasi wenye kipande cha sabuni na taulo jipya alivyopewa getini. Alisimama kizingitini akavuta hewa puani.

"Leo nyumba inanukia," akasema. "Umepika nini, mke wangu?"

Mkewe alikuwa amekaa sebuleni tangu kulipokucha, akijikaza. Hakuna aliyejua kuliko yeye jinsi watu wanavyotoka kule. Alikuwa dobi wa Kituo hicho hicho, mwaka wa tisa sasa, kazi yake kufua mashuka na yale magauni ya kijivu wanayovalishwa wagonjwa, wake kwa waume. Kupitia dirisha la chumba cha kufulia aliwaona wanavyoingia wameshikwa mikono kama vipofu, na siku ya nne wanavyotoka wakiulizana bei ya nyanya. Alidhani amejiandaa. Lakini lile "mke wangu" lilimkata maini. Ndoa yao ilikuwa na miaka kumi na moja, na tangu mtoto alipozaliwa mwanamume huyu hakuwahi kumwita hivyo. Alikuwa akimwita Mama Chiriku.

"Supu," akajibu, akainuka kwenda jikoni asije akatazamwa usoni.

Chiriku halikuwa jina la cheti. Alibandikwa na shangazi yake, kwa kuwa mtoto yule tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea hata usingizini. Akitumwa chumvi dukani alirudi na habari za mtaa mzima, chumvi kaisahau. Jina likanata. Wazazi nao wakawa Mama Chiriku na Baba Chiriku, na majina yao wenyewe yakabaki kwenye vitambulisho.

Baba Chiriku alikuwa seremala, tena si wa kubahatisha. Mlango alioupachika yeye uliusukuma kwa kidole kimoja ukajifunga. Kila chuma alichokifunga kwenye mbao alikitia alama yake, mkwaruzo mdogo wa tindo wenye umbo la V, upande wa nyuma usioonekana. "Ili kazi ikiharibika wajue wa kumtukana," alikuwa akisema, na watu walicheka, maana hakuna aliyewahi kumtukana.

Mwaka ule shule ya bweni ya wasichana, alikosoma Chiriku, ilimwita. Mwalimu Mkuu, mama mmoja mwenye sauti ya filimbi, alilalamika kwamba wasichana wakiwekwa bwenini kujisomea jioni wanachomoka kwenda kupiga soga uani. Alitaka makomeo, juu na chini.

"Kwa nje, Mwalimu?" Fundi aliuliza.

"Kwa nje. Kwa ndani watafungua wenyewe, au hujui watoto?"

Akafunga. Alitumia skrubu za inchi tatu, kwa kuwa milango ilikuwa mizito na yeye hakuwa mtu wa kulipua kazi.

Wiki ya sita baada ya hapo, saa moja jioni, nyaya za umeme zilishika moto darini. Mlezi wa bweni alikuwa amesukuma makomeo na kwenda zake kikaoni. Karakana ya Fundi ilikuwa mtaa wa pili. Alifika kabla ya zimamoto. Alilishika komeo la juu kwa mikono mitupu, na chuma kilikuwa kimeshaiva na kujibana mahali pake. Alivuta, akapiga bega, akavuta tena. Skrubu hazikulegea hata moja. Walikuwa wasichana ishirini na wawili.

Idara ya Nafuu walifika kabla majivu hayajapoa. Walikuja na gari jeupe, wanawake wawili na karani, watu wapole wa sauti za chini, waliovua viatu mlangoni. Wakakusanya picha, nguo, madaftari, kitana chenye nywele. Wakachukua hata mswaki. Jina likafutwa kwenye rejesta ya shule, likafutwa na kwenye rejesta ya vizazi. Kila mzazi akawekewa fomu mbele yake. Hakulazimishwa mtu, walisema, ila nyumba isiyo na kadi ya nafuu hata moja isingepangishwa tena na serikali, na serikali ndiyo iliyokuwa na nyumba zote. Mwezi haujaisha, wazazi wote ila mmoja walikuwa wamekwisha kulala siku zao tatu Kituoni na kuamka bila kumbukumbu ya watoto wao. Mwalimu Mkuu naye alipanga foleni, tena alikuwa wa kwanza. Uchunguzi wa moto ukafungwa kwa kukosa walalamikaji. Yote hayo yalikuwa rahisi kuliko kubadilisha nyaya.

Fundi alitia sahihi wiki ya tatu, kalamu ameibana katikati ya bandeji.

"Usiende," mkewe alimwambia. "Tukae nalo wote wawili."

"Wewe unamlilia mtoto," akamjibu. "Mimi hata kumlilia siwezi. Nikifumba macho naona skrubu."

Hilo ndilo ambalo Dobi hakumsamehe. Si makomeo; makomeo aliagizwa. Alichoshindwa kummezea ni kwamba aliutua mzigo wake na kumwachia yeye kubeba wa wawili. Yeye alipowekewa fomu aliirudisha ilivyo.

"Mama, mlango wetu uko wazi," yule mwanamke mpole alimwambia. "Kwa nini ujitese?"

"Nikisahau na mimi, itakuwa hakuzaliwa."

Basi akawekewa karatasi ya pili atie sahihi, hati ya kimya. Kumkumbusha mtu aliyepewa nafuu, kwa neno, kwa picha au kwa ishara, ni miaka saba. Akaambiwa arudie kwa sauti. Akarudia.

Miaka miwili ikapita hivyo. Fundi alinenepa. Alipiga mluzi asubuhi akinoa misumeno. Makovu ya mikononi alikuwa ameambiwa kwamba ni ya gundi ya moto iliyommwagikia karakanani, naye akaipenda hadithi hiyo. Kila akiwasimulia wateja aliitia chumvi, mpaka pipa la gundi likawa mapipa mawili na yeye akawa amemwokoa paka. Watu walivunjika mbavu. Dobi aligeukia ukutani.

Kile chumba kidogo akakijaza mbao. "Hivi hiki chumba kilikuwa cha nini?" aliuliza siku moja, akipima kwa futi.

"Cha wageni."

"Wageni gani? Sisi ukimtoa dada yangu nani anakuja?" Akacheka, kisha akamtazama kwa haya ya kijana. "Au tungejaribu mtoto. Hatujachelewa sana, mke wangu. Mwenyewe sijui kwa nini hatukupata."

Dobi alisema kuna nguo kambani, na mvua inakuja. Mvua haikuwapo. Alisimama nyuma ya nyumba, uso kwenye shuka bichi, hadi alipoweza kurudi ndani.

Aliyebaki wa kusema naye alikuwa wifi yake, yule yule aliyelitoa jina. Mashangazi hawakupewa nafuu, kwa kuwa bajeti haikuwafikia. Walipewa hati ya kimya tu. Wifi alikuwa mwanamke wa maneno mengi na kicheko kikubwa, muuzaji wa vyombo vya plastiki, na tangu moto ule alikuwa akizungumza habari za kila kitu chini ya jua isipokuwa kimoja. Dobi akijaribu kukigusa, Wifi alinyanyua mkono.

"Wifi yangu, mimi nakupenda, lakini sina miaka saba ya kugawa. Tuzungumze habari za mabeseni."

Ijumaa moja alasiri Dobi alirudi kazini akamkuta mumewe ametandaza gazeti mezani. Juu yake kulikuwa na makomeo manne meusi tii, brashi ya waya, msasa na kopo la mafuta. Alikuwa akipiga mluzi.

"Nimepata kazi nono," akasema bila kuinua kichwa. "Ile shule ya bweni ya wasichana. Wana bweni jipya. Mwalimu Mkuu anataka makomeo kwa nje, eti watoto wanachomoka jioni. Na ubahili wa mama yule! Kanitolea haya stoo, anasema chuma ni chuma, yasugue utumie."

Dobi hakuketi. Mkoba ulikuwa bado begani.

"Sijui yalipita moto wa namna gani," Fundi akaendelea, akiligeuza moja mkononi. "Lakini hebu ona hizi skrubu. Inchi tatu, na hazikupinda. Wameng'oa mbao nzima ndiyo yakatoka. Aliyeyafunga haya alikuwa fundi, si masihara. Ningemkuta ningempa mkono."

"Ni wewe," Dobi akasema.

"Eh?"

"Uliyafunga wewe. Bweni la zamani. Kwa nje, hivyo hivyo, na mama yule yule ndiye aliyekuagiza. Likaungua na watoto ndani. Na wetu alikuwamo."

Fundi alicheka, kicheko kifupi cha mtu anayengoja mwisho wa utani. Mwisho haukuja. Mkewe aliyasema yote akiwa amesimama vile vile, bila kulia, kama mtu anayesoma orodha ya nguo zilizoletwa kufuliwa: saa moja jioni, nyaya, mlezi aliyekwenda kikaoni, komeo la juu, mikono. Akamwambia kwamba hakuna gundi wala paka. Akamwambia mtoto alikuwa wa kike, miaka tisa na miezi minne, na kwamba chumba cha mbao kilikuwa chake.

"Umechoka," Fundi alisema alipomaliza. Alikuwa ameiweka brashi chini taratibu. "Kazi ile ya Kituo, kuwaona wenye misiba kila siku, imekuingia kichwani. Ngoja nimuulize dada. Dada hawezi kunificha kitu kama hicho."

Akatoka. Nyumba ya Wifi haikuwa mbali. Baada ya nusu saa alirudi, na usoni alikuwa na nafuu ya kweli, ile isiyotoka kwenye dawa.

"Dada amecheka mpaka amekaa chini," akasema. "Mtoto gani, ameniuliza, mlimzaa lini na mimi nisialikwe? Mke wangu, Jumatatu tutakwenda ukaonwe na daktari. Si aibu."

Dobi alimgeuzia mgongo. Alikuwa akimwaga maji ya kunawa kwenye beseni. Nyuma yake alisikia brashi ikianza tena, kwaru, kwaru, na mluzi nao ukaanza, halafu vyote viwili vikakoma kwa pamoja.

Alipogeuka, Fundi alikuwa amelipindua komeo karibu na taa. Masizi yalikuwa yametoka mahali pamoja, upana wa kidole gumba, na pale chuma kilipong'aa palikuwa na mkwaruzo. Akalichukua la pili akalisugua upande ule ule. La tatu hakulisugua. Alilipapasa tu kwa ukucha, akaliweka kwenye gazeti.

Mwishowe Fundi akauliza, "Alikuwaje?"

Dobi alikuwa amelingoja swali hilo miaka miwili. Alikuwa amelifungia moyoni jibu lake, refu, lenye kila kitu. Sasa alipofungua mdomo yakatoka mambo madogo madogo, yamekauka. Kwamba aliongea sana. Kwamba hakupenda kuchanwa nywele. Kwamba aliwahi kumtia babake gundi kwenye kiatu. Fundi alisikiliza kwa adabu, akiitikia kwa kichwa, vile mtu anavyosikiliza habari za mtoto wa jirani aliyehama. Hakukuwa na kitu machoni mwake. Kisha macho yakarudi kwenye makomeo, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

"Nimeua watoto ishirini na wawili," akasema, "na hata mmoja simjui."

Analia kwa ajili ya chuma, Dobi aliwaza, na chuki ikampanda. Alikuwa amedhani akisema atampata mwenzake wa kulia naye. Alichomrudishia ni hatia peke yake. Mtoto hakuwa na namna ya kumpa.

Asubuhi yake Wifi alikuja mbiombio, kitambaa cha kichwa kimekaa upande.

"Umekula nini wewe?" akafoka kwa sauti ya chini, akichungulia dirishani. "Unataka wakuchukue, wamchukue na yeye? Nimemdanganya kaka yangu usoni, Wifi. Nimecheka! Unajua kazi niliyoipata kucheka pale?"

"Ungenyamaza tu."

"Ningenyamaza angejua." Akakaa, akajifuta jasho kwa kiganja. "Aliniuliza kama alipendwa, huyo mtoto. Kama alipendwa! Nikamwambia hakuna mtoto." Akainuka bila kunywa hata maji, akaondoka.

Jumatatu Fundi alifunga boksi lake la vifaa.

"Unakwenda kuyafunga?" Dobi alimzibia mlango. "Baada ya yote?"

"Nikikataa ataitwa mwingine, na huyo mwingine atatumia inchi tatu." Akatia mkono mfukoni, akamfungulia kiganja. Zilikuwa skrubu za nusu inchi, zile za kufungia bawaba za kabati. "Milango inafunguka kwa nje. Watoto watatu wakipiga bega, komeo linatoka na skrubu zake. Kwa macho hutaona tofauti."

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kulipua kazi kwa makusudi. Alikwenda, akayafunga, akalipwa, akarudi. Alama yake hakuiongeza wala hakuifuta.

Lakini mluzi haukurudi. Siku tisa alikaa karakanani bila kugusa randa. Wateja waliofuata meza zao aliwaambia wakatafute fundi mwingine, yeye mikono imekufa. Nyumbani alikula akitazama sahani. Dobi angeweza kumshika bega; alimpita tu kila mara, akijiambia kesho. Siku ya kumi aliporudi kazini akakuta sahani safi, boksi la vifaa limefungwa kwa kamba, na Fundi hayupo.

Habari aliipata kesho yake chumba cha kufulia, kutoka kwa karani wa Kituo aliyeleta mzigo wa nguo. Karani alikuwa mtu mzima wa miwani, mwenye huruma ya kiofisi.

"Mumeo amekuja mwenyewe," akasema. "Hakukutaja. Amesema kumbukumbu imerudi yenyewe, kama homa. Umeponea hapo, dada yangu. Ila wewe mwenyewe unajua utaratibu. Ikirudi, hatukati matawi tena. Tunatoa na nyumba, na ndoa, na kila kinachoweza kumrudisha kule."

Dobi alikuwa amelishika shuka kwenye mashine ya kukamulia. Aliendelea kuzungusha mpini.

"Alijua kwamba mtanitoa na mimi?"

"Alisomewa fomu yote, neno kwa neno."

"Akasema nini?"

Karani alivua miwani akaifuta. "Aliuliza kama itauma."

Wifi aliletewa hati ya pili ya kimya, safari hii kuhusu ndoa, akaitia sahihi. Fundi alipewa chumba upande mwingine wa mji na ajira ya matengenezo katika majengo ya serikali. Nyumba ilibaki na Dobi hadi mwisho wa mwaka tu, kwa kuwa kadi ilikuwa ya mumewe. Hakuwa na mtu wa kumchukia tena ndani ya nyumba ile, na akagundua kwamba hata hilo lilikuwa limemshikilia.

Mwezi wa nne baada ya hapo, Ijumaa asubuhi, rafu ya mabeseni ilianguka chumba cha kufulia. Wakatuma fundi. Aliingia na boksi jipya na ngazi, ndevu zimenyolewa, amenenepa tena kidogo.

"Habari za kazi, dada?" akamsalimu.

"Nzuri," Dobi akajibu.

Akapanda ngazi. Alifanya kazi vizuri, kama zamani, akizungumza misumari ikiwa mdomoni. Alimwambia anakaa peke yake, hajabahatika kuoa. Akamuuliza yeye ana watoto?

"Nilikuwa naye mmoja."

"Oo. Pole sana, dada." Alisita, nyundo hewani. "Sasa na wewe uko hapa hapa, kwa nini hukuomba nafuu? Mimi walinitibu. Sijui hata walinitibu nini, lakini nalala kama mtoto." Akacheka, akapigilia msumari. "Nishikie hapo. Asante. Nataka niwahi, Jumatatu nina kazi ya kuandalia vifaa. Kuna shule moja ya wasichana, wameng'oa makomeo ya bweni wakaenda kupiga soga uani. Si unajua watoto. Mwalimu Mkuu amenionyesha: kuna mzembe mmoja alifunga komeo zito kwa skrubu za nusu inchi! Nusu inchi, dada! Mtu kama huyo angenyang'anywa nyundo."

Dobi aliushika ubao alioambiwa aushike. Mikono yake ilikuwa na povu.

"Utaweka za ngapi?"

"Inchi tatu. Nikifunga mimi nimefunga."

Alimtazama kutoka chini. Alijua akisema ataanza upya: kicheko, mashaka, machozi, fomu. Alimwona moyoni akiuliza tena kama itauma. Alimsainia karatasi ya kazi, akamshukuru, akamfungulia mlango apitishe ngazi.

Jumamosi ilikuwa siku ya wazazi kutembelea wanafunzi. Dobi alivaa gauni lake la kijani akaenda kusimama nje ya geti la shule, pale wanapopita wote wenye vikapu. Alianza na mama mmoja aliyebeba ndoo mpya.

"Samahani, mama. Binti yako analala bweni lipi?"

Aliwasimulia mmoja mmoja, kisha wakikusanyika akawasimulia kwa pamoja. Aliwataja wote ishirini na wawili kwa majina, la kwake akilitaja zamu yake ilipofika, bila kulinyanyulia sauti kuliko mengine. Wapo waliompita wakiziba masikio ya watoto wao. Mwanamume mmoja alimwita mwendawazimu. Mama mmoja alisimama katikati ya orodha, jina la tisa, akaweka mkono kifuani kama aliyeitwa na mtu wa mbali, akauliza lirudiwe. Dobi akarudia. Mama yule akatikisa kichwa, akaenda zake. Mwalimu Mkuu alitoka akapiga kelele na sauti yake ya filimbi, halafu akapiga simu. Dobi hakuharakisha. Alisema mpaka gari jeupe lilipofika, na wale wanawake wapole wakamfungulia mlango wa nyuma.

Kwa kuwa hakuwa na rekodi mbaya alipewa hiari: miaka saba, au nafuu siku hiyo hiyo na kesi ifutwe. Hakimu alimshauri kwa wema kabisa. Dobi alichagua miaka.

Wifi alimtembelea gerezani mwezi wa pili wa kifungo. Walikaa na waya katikati yao, na Wifi, ambaye maneno hayakuwahi kumpungukia, alikuwa ameshika bakuli la plastiki alilokatazwa kuliingiza, akilizungusha.

"Kaka amefunga makomeo," akasema hatimaye. "Jumatatu ile ile. Nimepita nikayaona."

"Na watoto?"

"Kuna wazazi waliowaondoa. Niliona godoro likifungwa juu ya gari. Nikauliza kwa mlinzi, nikijifanya nauza vyombo."

"Wangapi?"

Wifi alisogea karibu na waya. "Wanne."

"Kati ya wangapi?"

"Wifi, usinihesabishe."

"Kati ya wangapi?"

"Sitini."

Askari akasema muda umekwisha. Wifi akainuka, akajipangusa gauni, akakumbuka bado ana bakuli mkononi, akauliza kama angeweza walau kuliacha mapokezi. Akaambiwa haiwezekani. Akaondoka nalo.